Babu alifikaje Usumbura? Namna ya kufuatilia safari ya wazee waliotoka Omani

Katika nyumba nyingi za Buyenzi na Bwiza, mjini Bujumbura, watoto hukua wakisikia kwamba babu wa baba alitoka Omani, akapita Unguja na Ujiji, kisha akavuka ziwa. Mwaka wa safari hiyo haujulikani, jina la chombo halijulikani, na mara nyingi hata jina kamili la msafiri limebaki vipande viwili tu: jina lake na jina la baba yake.

Kwa familia nyingi habari hiyo ni ya mazungumzo ya jioni. Kwa nyingine ni jambo la kisheria. Ripoti za haki za binadamu za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani zimetaja takriban watu 1,000 wenye asili ya Omani walioishi Burundi kwa miongo mingi, ambao wamo katika hatari ya kutokuwa na uraia wa nchi yoyote. Watu hao walikuwa wakisubiri Omani ithibitishe uraia wao, na wengi wao hawakuukubali uraia wa Burundi waliopendekezewa. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kupata pasipoti wala leseni ya udereva. Kwake yeye, safari ya babu ni ushahidi unaotakiwa mezani.

Makala haya yanaeleza safari hiyo ilivyokuwa, serikali zipi ziliandika nini kuihusu, na mtafutaji aanzie wapi.

Kwa nini orodha ya abiria si mahali pa kuanzia

Maelekezo mengi ya kutafuta wahenga yaliyomo katika intaneti yameandikwa kwa ajili ya familia za Ulaya na Amerika. Mfano mzuri ni Norwe. Mwezi Julai mwaka 1825 chombo kidogo kilichoitwa Restauration kiliondoka Stavanger kikiwa na watu 52 kuelekea New York. Katika muda wa karne moja baada ya hapo, Wanorwe zaidi ya 800,000 walihamia Amerika ya Kaskazini. Polisi wa bandari waliandika madaftari ya wahamiaji: Trondheim kuanzia mwaka 1867, Bergen kuanzia mwaka 1874. Humo mliandikwa jina la mhamiaji, umri, kazi, mahali alikotoka na kule alikokuwa akienda. Padri wa kijiji naye aliandika katika daftari la kanisa nani amehama. Leo madaftari hayo husomwa bila malipo katika tovuti ya nyaraka za taifa la Norwe, iitwayo Digitalarkivet. Mjukuu aliye Minnesota aweza kumwona babu wa babu yake akiondoka kijijini na akipanda meli.

Sababu ya wingi wa maandishi hayo ni kwamba msafiri wa Norwe aliondoka nchi moja, akapanda meli ya kampuni yenye mkataba, akashuka katika nchi nyingine iliyotaka kujua nani anaingia. Msafiri wa Omani hakusafiri hivyo. Alipanda jahazi la ndugu au la jirani, akashuka katika bandari ambamo watu wa kabila lake walikuwa wamekwisha kukaa vizazi kadhaa, na hakuna ofisa aliyemwuliza anahamia au anatembea. Kwa hiyo anayeanza kwa kutafuta orodha ya abiria ataambulia patupu, na huenda akadhani kwamba habari za familia yake ni hadithi tu. Kukosekana kwa jina hakumaanishi kwamba safari haikuwapo. Yapo maandishi mengine, lakini yametawanyika katika nchi kadhaa.

Safari yenye vipande vitatu

Kipande cha kwanza kilikuwa cha bahari. Majahazi kutoka Sur, Maskati na bandari nyingine za Omani yalikuja na upepo wa kaskazi, unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, na yalirudi na upepo wa kusi. Tangu mwaka 1872 palikuwapo pia meli za moshi za kampuni ya British India, zilizobeba barua na abiria kati ya Aden na Zanzibar. Lakini jahazi liliendelea kutumika hadi katikati ya karne ya 20.

Hapo pana jambo ambalo mtafutaji hana budi kulijua. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliotiwa saini na mataifa makubwa ili kukomesha biashara ya watumwa, uliwataka manahodha wa vyombo vya wenyeji kuwa na orodha ya mabaharia, na pia orodha ya abiria weusi waliowabeba. Makusudio yalikuwa kuzuia watu wasisafirishwe kwa nguvu. Abiria Mwarabu aliyekwenda kwa hiari yake hakuwa shabaha ya sheria hiyo. Basi hata pale orodha ya jahazi ilipoandikwa, huenda babu alikuwa amekaa sitahani bila ya jina lake kumo.

Kipande cha pili kilikuwa cha nchi kavu. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, misafara ya miguu ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji baada ya miezi kadhaa. Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tofauti ya njia hizi mbili husaidia kukadiria tarehe. Ikiwa wazee husimulia kwamba babu alikuja na wapagazi, yaelekea alifika kabla ya mwaka 1914. Ikiwa husimulia garimoshi, alifika baada yake.

Kipande cha tatu kilikuwa cha Ziwa Tanganyika. Wengi walivuka kwa mashua, wakipita Nyanza-Lac na Rumonge, na baadhi yao walibaki huko miaka mingi kabla ya kuhamia Usumbura, kama mji wa Bujumbura ulivyoitwa wakati wa ukoloni. Wengine walipanda meli. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen iliingizwa majini Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924, na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Mzee anayesema kwamba baba yake alivuka ziwa kwa Liemba anatutajia, bila ya kujua, kwamba safari hiyo haikuwa kabla ya mwaka 1927.

Tawala nne, makabati manne

Ugumu mkubwa kuliko wote ni kwamba safari moja ilipita katika tawala mbalimbali, na kila utawala uliondoka na karatasi zake.

Tuanze na Omani yenyewe. Baada ya Sultani Said bin Sultan kufariki mwaka 1856, wanawe wawili waligombania urithi. Mwaka 1861 Lord Canning, mtawala wa Uingereza nchini India, aliamua kwamba Maskati na Zanzibar ziwe dola mbili, kila moja na sultani wake. Tangu hapo mtu wa Omani aliyehamia Unguja aliweza kuhesabiwa raia wa Sultani wa Zanzibar, au kubaki raia wa Sultani wa Maskati. Maneno hayo mawili yanapatikana katika hati za zamani na hayana maana moja. Anayetafuta uthibitisho wa asili ya Omani aangalie kwa makini hati ya babu inasema lipi.

Katika Zanzibar, ambayo ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza tangu mwaka 1890, kumbukumbu zimo katika Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, mjini Unguja. Humo mna barua za ubalozi wa Uingereza pamoja na hati za Kiarabu za mauzo, rehani na mikopo. Wafanyabiashara wa bara walikopa mali Unguja kabla ya kuondoka na msafara. Kwa hiyo jina la msafiri lina nafasi kubwa zaidi ya kuonekana katika hati ya deni kuliko katika orodha ya abiria.

Wajerumani walitawala bara, pamoja na Urundi, hadi mwaka 1916. Sehemu ya majalada yao imo katika Nyaraka za Taifa la Tanzania, Dar es Salaam; sehemu nyingine, ya wizara yao ya makoloni, imo katika Nyaraka za Shirikisho la Ujerumani mjini Berlin, na mengi yake yamewekwa katika mtandao. Wajerumani walijali kodi, leseni za biashara, kesi na hati za kuachwa huru kwa watumwa. Katika hizo za mwisho, jina la bwana huandikwa pamoja na la aliyeachwa huru.

Wabelgiji waliingia Usumbura mwezi Juni mwaka 1916. Ruanda-Urundi ikawa chini ya uangalizi wao kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, na kwa sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 iliunganishwa kiutawala na Kongo ya Kibelgiji. Wabelgiji waliwagawa wakazi wa mji kwa asili zao, wakawapangia mitaa, na kuwaandikia vitabu vya utambulisho. Karatasi walizoondoka nazo zimo Brussels, katika mkusanyiko unaojulikana kama Nyaraka za Afrika. Kwa sababu ya muungano ule wa mwaka 1925, jalada la mtu wa Usumbura laweza kuwa limewekwa pamoja na ya Kongo, hasa ikiwa aliwahi kufanya biashara Uvira, Kalemie au Kasongo.

Waingereza nao walikuwa na orodha za abiria kweli. Nyaraka za Taifa zilizoko Kew, karibu na London, zina orodha za walioondoka Uingereza kati ya mwaka 1890 na 1960, na za walioingia kati ya mwaka 1878 na 1960. Lakini orodha hizo zinahusu meli zilizogusa bandari za Uingereza. Jahazi la Sur kwenda Unguja halimo. Meli ya Bombay kwenda Mombasa haimo vilevile, jambo ambalo wenzetu wenye asili ya India wanapaswa kulikumbuka. Lenye manufaa zaidi kwetu ni majalada ya wakala wa Uingereza mjini Maskati. Kumbukumbu nyingi za Uingereza kuhusu nchi za Ghuba zinasomwa bila malipo katika Maktaba ya Kidijitali ya Qatar.

Jina moja, maandishi matano

Mtafutaji akishafika mbele ya daftari, kizuizi kinachofuata ni tahajia. Karani aliandika alivyosikia, kwa kanuni za lugha yake. Juma huandikwa Dschuma na Mjerumani, Djuma au Djouma na Mbelgiji, na Juma na Mwingereza. Khamis huwa Hamisi, Hamissi au Amisi. Shabani huwa Chabani. Rashid huwa Rachid au Rashidi. Neno «bin» huwa «ben», au huachwa kabisa, na jina la baba likageuka kuwa jina la ukoo. Andika kwanza kila umbo linalowezekana la jina unalolitafuta, ndipo uanze kusoma.

Majina ya mahali nayo yamebadilika. Tafuta Usumbura, si Bujumbura. Kitega, si Gitega. Albertville, si Kalemie. Na Costermansville kwa Bukavu ya kati ya mwaka 1927 na 1953.

Tarehe zahitaji hadhari kama hiyo. Hati za Kiarabu hutumia mwaka wa Hijria, ambao ni mfupi kuliko mwaka wa kawaida kwa siku zipatazo 11. Mwaka 1300 wa Hijria ulianza Novemba 1882. Mwaka 1350 ulianza Mei 1931. Kutoa tu tofauti isiyobadilika kati ya hesabu hizo mbili huleta kosa la miaka kadhaa.

Lakini kitu chenye thamani kuliko vyote katika jina la mtu wa Omani ni nisba, yaani neno la mwisho linalotaja kabila, kama vile al-Harthi au al-Barwani. Nisba humwonyesha mtafutaji kabila, na kabila huonyesha wilaya na masheikh wake. Nchini Omani, kabila na ushahidi wa wazee wake vilikuwa na uzito mkubwa pale waliozaliwa Afrika Mashariki walipoanza kurudi baada ya Sultani Qaboos kushika utawala tarehe 23 Julai 1970. Bahati mbaya, nisba ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupotea Usumbura, kwa kuwa karani alitosheka na majina mawili.

Anza nyumbani

Wenye uzoefu wa kazi hii wanakubaliana kwamba utafutaji huanzia kwa aliye hai na kurudi nyuma, kizazi kimoja baada ya kingine. Utaratibu ufuatao unafaa kwa familia nyingi za Bujumbura.

Kwanza, wahoji wazee, na uwahoji mmoja mmoja. Usiulize «babu alikuja mwaka gani?» kwa kuwa wengi hawajui. Uliza alikuja kwa miguu au kwa garimoshi. Nani alikuwa ametawala. Mji wa kwanza kukaa ulikuwa upi. Alimwoa nani na wapi. Nduguze walibaki wapi. Majibu hayo ndiyo yatakayoeleza upekue kabati la serikali ipi.

Pili, kusanya karatasi za nyumbani: hati za ndoa na talaka, wasia, barua za Kiarabu au za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, vitabu vya utambulisho vya Kibelgiji, risiti za kodi na hati za kiwanja. Msahafu wa zamani nao ufunguliwe. Desturi ya kuandika tarehe za kuzaliwa na kufariki katika kurasa zake za mwanzo na za mwisho imeokoa nasaba nyingi. Usiitupe karatasi kwa sababu tu hakuna anayeweza kuisoma. Ipige picha, kisha umtafute mwenye kuisoma.

Tatu, nenda katika ofisi ya uandikishaji ya komine na katika misikiti ya mtaa, uulize kumbukumbu za kuzaliwa, ndoa na mazishi. Makaburi yenye maandishi yapigwe picha kabla mvua hazijayafuta.

Nne, ndipo uandikie nyaraka za nje. Barua iwe fupi: jina pamoja na maumbo yake yote, miaka inayokadiriwa, mahali, kazi ya mhusika, na unachokitaka. Ofisi ya nyaraka haiwezi kujibu ombi la «habari zote za familia yetu», lakini yaweza kujibu ombi la leseni ya biashara ya mtu fulani katika Usumbura kati ya mwaka 1920 na 1930.

Tano, usiisahau Omani yenyewe. Mamlaka ya Taifa ya Kumbukumbu na Nyaraka ya nchi hiyo hukusanya hati zilizo mikononi mwa familia, zikiwamo zinazohusu Afrika Mashariki. Barua ambayo babu aliipeleka kwao huenda imehifadhiwa na wajukuu wa nduguye.

Upande wa bibi

Katika kufuatilia babu aliyevuka bahari, familia nyingi husahau kwamba wanawake waliomzalia watoto mara nyingi hawakuvuka bahari. Walikuwa Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, wenyeji wa Ujiji, au Warundi. Baadhi yao walifika mwambao wa ziwa kama watumwa, wakapewa majina mapya, na jina la kwanza halikuandikwa popote. Habari zao zapatikana katika hati za kuachwa huru, katika kesi za mirathi na katika kumbukumbu za wazee wa kike. Haifai kuzificha. Nasaba inayotaja upande mmoja tu ni nusu ya nasaba.

Wapo pia waliopakiwa vyomboni na serikali yenyewe. Watoto waliozaliwa na baba Wazungu na mama Waafrika katika Kongo, Rwanda na Burundi walitengwa na mama zao. Wengi waliwekwa katika taasisi ya Save nchini Rwanda, na mamia yao walipelekwa Ubelgiji kati ya mwaka 1958 na 1961. Tarehe 4 Aprili 2019 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Charles Michel, aliwaomba radhi kwa niaba ya serikali. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels iliamua, katika kesi ya wanawake watano waliozaliwa Kongo, kwamba kitendo hicho kilikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Nyaraka za Taifa la Ubelgiji zina mradi maalumu wa kuwasaidia watu hao na wazao wao kuona majalada yao, na mlango huo uko wazi kwa wa Burundi pia.

Hati ikipatikana, inathibitisha nini?

Ni vyema kutofautisha mambo matatu. Hati ya safari huthibitisha kwamba mtu fulani alipita mahali fulani. Hati ya nasaba huthibitisha kwamba wewe ni mzao wake. Uraia ni jambo la tatu, na huamuliwa na sheria ya nchi inayoombwa. Sheria ya uraia ya Burundi ya tarehe 18 Julai 2000 hupitisha uraia hasa kwa upande wa baba, na sheria ya Omani nayo hutazama zaidi upande huo. Kwa hiyo mnyororo wa vyeti vya kuzaliwa na vya ndoa, kutoka kwa mwombaji hadi kwa babu, ni muhimu kuliko jina la jahazi alilopanda. Pengo moja katikati, kwa mfano ndoa ambayo haikuandikishwa, laweza kuifanya hati nzuri ya mwaka 1900 isiwe na msaada.

Ndiyo sababu wanasheria hushauri kwamba kabla ya kuandika barua ya kwenda Berlin au Maskati, kila familia ihakikishe kwamba watoto waliozaliwa juzi wameandikishwa katika komine. Cheti cha mtoto wa leo ni kiungo kimojawapo cha mnyororo huo, na ni kiungo ambacho familia yenyewe yaweza kukitengeneza bila ya kungoja jibu la nchi yoyote.